Mhadhiri Hahitaji Jina la Ugonjwa

Mwezi Juni 2017, watu 298 katika Chuo Kikuu cha East Anglia, mjini Norwich nchini Uingereza, walipokea barua pepe yenye kiambatisho kisichowahusu. Lilikuwa jedwali la wanafunzi walioomba kufikiriwa kwa sababu maalumu katika kazi na mitihani yao, na sababu zenyewe zilikuwa zimeandikwa humo: maradhi, misiba, matatizo binafsi. Hakuna mdukuzi aliyehusika. Faili lilitumwa na chuo chenyewe. Fidia zilizolipwa baadaye kwa walioathirika zilizidi pauni 140,000.

Habari kama hizi zikitoka, lawama humwangukia aliyebonyeza kitufe. Mimi naona kubonyeza ndiko sehemu ndogo ya kosa. Kidole huteleza, na kitateleza tena. La kujiuliza ni kwa nini jedwali la sura ile lilikuwepo. Ofisi inayopanga tarehe za kukusanya kazi inapaswa kujua kwamba fulani ameongezewa wiki mbili, basi. Habari kwamba amefiwa na mama yake ilimhusu yule aliyeamua kama wiki mbili zitolewe. Huyo akishaona uthibitisho na kuridhika, habari ya msiba haina tena kazi ya kufanya kwenye meza inayofuata. Lakini katika vyuo vingi huendelea kusafiri, kutoka meza hadi meza, kwa sababu tu iliandikwa kwenye karatasi ileile.

Chuo kinapomsaidia mwanafunzi mwenye ulemavu, mgonjwa, au aliyeelemewa na mambo, hushika taarifa za aina mbili. Ya kwanza ni hali yake: ana kifafa, ana sikoseli, haoni, ana sonona, anaishi na virusi vya UKIMWI. Ya pili ni hitaji lake: robo ya muda wa ziada, chumba cha chini, karatasi ya mtihani yenye maandishi makubwa au ya nukta nundu, ruhusa ya kutoka ukumbini kunywa maji. Uvujaji mwingi katika huduma hizi hutokea pale hali inaposafirishwa mahali ambapo hitaji peke yake lingetosha. Na yako maafa yaliyotokana na kinyume chake, hitaji kukwama mahali fulani kwa kuwa kila mtu alidhani anatunza siri.

Tuifuate karatasi moja. Chukulia mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimojawapo nchini Tanzania, mwenye sikoseli, aliyelazwa wiki ya mitihani. Anatoka hospitali na cheti. Chuo kinamtaka aandike barua ya kuahirisha mtihani, kupitia kwa mkuu wa idara, nakala kwa Mshauri wa Wanafunzi, nakala kwa mratibu wa kozi, kila nakala na cheti chake nyuma. Mashine ya kutoa nakala hana, hivyo anakwenda steshenari ya nje ya geti. Pale hulazimika kukituma cheti kwa WhatsApp kwenye simu ya dukani ili kichapwe, na humo kwenye simu na kompyuta ya duka kinabaki pamoja na vyeti vya wenzake wa miaka mitatu iliyopita. Barua inaingia masjala, karani anaifungua na kuisajili. Mkuu wa idara yuko safarini, kwa hiyo katibu muhtasi anaipiga picha na kumtumia. Mratibu wa kozi, kwa nia njema kabisa, anamwandikia kiongozi wa darasa: mwambie fulani atafanya mtihani Septemba, pole yake na sikoseli. Kiongozi wa darasa anaurusha ujumbe kwenye kundi la darasa. Watu mia mbili wameshajua kabla bumu la muhula, yaani fedha ya kujikimu, halijatoka.

Ukimtafuta mwenye hila katika msururu huo humpati. Kila mmoja alifanya kilichozoeleka, na kwa sheria ya sasa ya Tanzania karibu kila hatua hapo inaweza kuhojiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Taarifa za afya zimewekwa katika kundi la taarifa binafsi nyeti, na kwa kawaida haziruhusiwi kuchakatwa bila ridhaa ya maandishi ya mhusika. Kenya ilitangulia: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nayo inaiweka hali ya afya ya mtu katika kundi nyeti, na inataka taarifa za afya zishughulikiwe na mtoa huduma za afya au na mtu aliyefungwa na wajibu wa kitaaluma wa kutunza siri. Mnasihi aliyesomea kazi yake anaweza kuingia humo. Kiongozi wa darasa hawezi, hata awe mwaminifu namna gani.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya, sisi ni watu wa kujuliana hali. Sikatai. Mgonjwa wetu hutembelewa, hachunguliwi kwa dirisha. Lakini kujuliana hali huanza kwa mwenye hali kukuambia. Ziko pia hali ambazo hapa kwetu zinagharimu kuliko huko Ulaya. Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Tanzania tangu miaka ya 2000 yanatosha kuonyesha kwamba orodha ya wanafunzi wenye ualbino, yenye namba za vyumba vyao bwenini, ni hati ya usalama. Haifai kukaa kwenye kompyuta ya pamoja ya ofisi ya malazi. Na mwanafunzi mwenye kifafa, katika mtaa ambao bado watu wanaamini kifafa huambukiza kwa mate, ana sababu nzuri ya kuchagua nani ajue. Mwenzake wa chumbani pengine anapaswa kujua, ili siku akianguka amlaze ubavu na asimtie kijiko mdomoni. Ila mwenye kuchagua ni mwanafunzi, na kazi ya chuo ni kumsaidia namna ya kulisema. Kulibandika mlangoni si kazi yake.

Nimegusia ridhaa, na hapa pana ugumu ambao sheria zetu hazijaumaliza. Mwanafunzi mwenye ulemavu anapofika kwenye kitengo cha mahitaji maalumu, hupewa fomu. Chini ya fomu kuna sentensi: nakubali taarifa zangu zitumike na chuo kwa madhumuni ya kunihudumia. Anatia saini. Je, angeweza kukataa? Akikataa hapati mkalimani wa lugha ya alama, hapati muda wa ziada. Ridhaa anayoitoa mtu aliyeshikiwa anachokihitaji ina walakini, ndiyo maana Ulaya, chini ya kanuni ya jumla ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018, vyuo vinaonywa visiegemee ridhaa pale ambapo vina nguvu kuliko mwanafunzi. Vinaambiwa vitafute msingi mwingine, kwa mfano wajibu wa kisheria wa kumhudumia mtu mwenye ulemavu, na vimweleze mwanafunzi wazi kwamba ndivyo ilivyo.

Kwa mazingira yetu nisingependekeza kuitupa ridhaa, kwani Tanzania sheria yenyewe inaitaka, tena kwa maandishi. Ningependekeza ikatwe vipande. Sentensi moja kwa kila mpokeaji: ofisi ya mitihani ipelekewe hitaji langu, ndiyo au hapana; ofisi ya malazi, ndiyo au hapana; wahadhiri wa kozi hizi tano, ndiyo au hapana; picha yangu itumike katika matangazo ya chuo, ndiyo au hapana.

Hiyo ya picha si mzaha. Fungua ukurasa wa mtandao wa kijamii wa chuo chochote cha kanda yetu, hutakosa picha ya mwanafunzi akikabidhiwa kiti cha magurudumu au kompyuta mpakato, wakubwa wamempanga katikati, jina lake kamili na aina ya ulemavu wake vimeandikwa chini. Mfadhili anataka kuona fedha yake ilikokwenda, hilo naelewa. Lakini picha ile itakuwepo siku kijana huyo atakapoomba kazi, na mwajiri atakayelitafuta jina lake ataupata ulemavu kabla ya shahada. Septemba 2023 Kamishna wa Data wa Kenya aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi. Wale walikuwa watoto, na chuo kikuu kina watu wazima. Tofauti ni kwamba mtu mzima anajiamulia mwenyewe, kwa hiyo ndiye wa kuulizwa, tena kabla kamera haijatolewa mfukoni.

Upande mwingine wa shilingi una uzito uleule.

Tarehe 16 Aprili 2007, katika chuo cha Virginia Tech nchini Marekani, mwanafunzi mmoja aliwaua watu 32 kabla ya kujiua. Jopo lililoundwa na gavana kuchunguza mkasa ule lilikuta kwamba chuo kilikuwa na habari nyingi juu yake. Walimu wa idara ya Kiingereza walikuwa wameshituka na maandishi yake, polisi wa chuo walikuwa na malalamiko yao, ofisi ya mabweni na ya unasihi zilikuwa na yao. Kila ofisi ilishika kipande chake. Wengi wao waliamini kwamba sheria ya faragha ya rekodi za wanafunzi, ile ya mwaka 1974 inayojulikana kwa kifupi FERPA, iliwazuia kuzungumza. Haikuwazuia kwa kiasi walichodhani. Sheria ile ilikuwa na mlango wa dharura tangu mwanzo, na mambo ambayo mhadhiri ameyaona kwa macho yake darasani hayakuwa rekodi ya kufungiwa. Niseme haraka kwamba watu wenye maradhi ya akili kwa sehemu kubwa hawamdhuru mtu, na mkasa ule usitumike kuwaogopesha wenzao. Ninautumia hapa kuonyesha tu kwamba kunyamaza kwa kuogopa sheria usiyoisoma si kutunza siri.

Kesi ya Bristol inanigusa zaidi, kwa sababu inafanana na yanayotokea kimyakimya katika vyuo vya kila nchi. Mwanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Bristol alikuwa na hofu kubwa ya kuzungumza mbele za watu. Katika mitihani ya mdomo alishindwa kusema, mara nyingine hakufika kabisa. Watu wa idara waliona, na walikuwa wakiandikiana kuhusu jambo hilo. Aprili 2018, siku aliyotakiwa kusimama katika ukumbi mkubwa wa mihadhara kuwasilisha kazi, alikufa kwa mkono wake mwenyewe. Wazazi walikishitaki chuo. Mwaka 2022 mahakama iliamua kwamba chuo kilishindwa kumfanyia marekebisho yanayostahili chini ya Sheria ya Usawa ya 2010, ikatoa fidia ya zaidi ya pauni 50,000. Chuo kikakata rufaa, na Februari 2024 Mahakama Kuu ikaitupa.

Sehemu ya utetezi wa chuo ilihusu karatasi: kwamba hapakuwa na ushahidi wa kutosha wa kitabibu, na kwamba utaratibu wa kuomba marekebisho haukuwa umekamilika. Jaji wa rufaa hakukubali kwamba cheti ndiyo njia pekee. Anachokifanya mtu na anachokisema mbele ya walimu wake nacho ni ushahidi. Hitaji lilikuwa wazi kwa idara nzima: binti huyu hawezi kupimwa kwa mdomo, mpimeni kwa maandishi. Hakuna aliyehitaji jina la ugonjwa ili kulifanya hilo.

Hapo ndipo naona vyuo vyetu vina la kujifunza kuliko mahali pengine popote katika suala hili. Sisi tunapenda muhuri. Mwanafunzi wa Tanzania anayetaka ulemavu wake utambuliwe na Bodi ya Mikopo hupeleka uthibitisho wa mganga wa serikali, na si vibaya, kwani fedha ya umma lazima ilindwe. Kinachokera ni kuona uthibitisho uleule ukidaiwa upya chuoni, kisha idarani, kisha kila muhula na mhadhiri mpya wa kila somo, kana kwamba mguu uliokatwa mwaka wa kwanza ungeweza kuwa umeota. Kila mara cheti kinapodaiwa, nakala nyingine ya hali ya mtu inaingia kwenye droo nyingine. Kitengo cha mahitaji maalumu kikione mara moja, kikirudishe, kitoe barua ya mistari mitatu: mwanafunzi mwenye namba hii anastahili dakika 45 za ziada kwa mtihani wa saa tatu, na akae karibu na mlango. Mhadhiri anayetaka kujua zaidi aambiwe kwa adabu kwamba hayo ndiyo yote yanayomhusu.

Wahadhiri hawataifurahia barua hiyo. Nimewahi kuwasikia wakisema kwamba bila kujua tatizo hawawezi kujua kama mtu anadanganya. Jibu ni kwamba kazi ya kupima ukweli imekwishafanywa na mtu aliyefunzwa, na mhadhiri wa takwimu si daktari. Wako pia wanaouliza kwa huruma, wakitaka kusaidia zaidi. Hao wamuulize mwanafunzi mwenyewe, faraghani, swali linaloanzia kwenye hitaji: kuna lolote la kubadilisha katika namna ninavyofundisha? Mengine atayasema akitaka.

Kisha wako wazazi. Baba amelipa ada, mama ameuza shamba, na sasa chuo kinawaambia kwamba mtoto wao wa miaka 20 ni mtu mzima na habari zake ni zake. Simu hizi huwatoa jasho watu wa ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, na nakiri kwamba upande wa mzazi nina huruma nao. Kisheria, hata hivyo, jambo ni jepesi kuliko linavyoonekana. Sheria ya Kenya na ya Tanzania zote zinaacha njia ya kutoa taarifa bila ridhaa pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini. Usiku mwanafunzi anapokimbizwa hospitali hajitambui, hakuna kifungu kinachomkataza matroni wa bweni kumpigia mzazi. Ugumu uko katika yale ya katikati: hajaonekana darasani wiki tatu, hali vizuri, analia ofisini, anasema msimwambie mama. Chuo cha Bristol, katika kipindi hichohicho cha majonzi, kilianza kuwauliza wanafunzi wote wakati wa kujisajili kama wanakubali mtu waliyemchagua wenyewe apigiwe simu ikiwa chuo kitakuwa na wasiwasi mkubwa juu yao. Zaidi ya asilimia 90 walikubali. Anayechaguliwa si lazima awe mzazi. Anaweza kuwa shangazi, kaka, au mchungaji wa kanisani. Swali huulizwa mtu akiwa mzima, akili imetulia, si siku ya msukosuko. Utaratibu huo hauna gharama kubwa, ni swali moja kwenye mfumo wa usajili ambao tayari unamuuliza mwanafunzi maswali mengine yasiyo na faida.

Kuhusu kujiua kuna jambo la kisheria linalotugusa sisi moja kwa moja. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Kenya ilikuwa na kifungu chake cha 226, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Fikiria maana yake kwa mnasihi wa chuo cha Dodoma au Mwanza. Mwanafunzi anamweleza kwamba mwezi uliopita alijaribu kujiua. Akiandika sentensi hiyo kwenye faili, ameandika taarifa ya afya na wakati uleule ametunza kumbukumbu ya kosa la jinai. Asipoandika, mnasihi wa zamu inayofuata hatajua anamhudumia nani. Wanasihi hujiokoa kwa lugha ya kuzunguka, wanaandika kwamba mteja alipitia kipindi kigumu, nayo lugha hiyo yaweza kumpoteza mtu. Hapa sina ushauri wa kiufundi wa kutoa. Dawa iko Bungeni.

Nani hasa mwenye faili la unasihi? Wanafunzi wengi hudhani ni wao na mnasihi tu. Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, kiliwaonyesha vingine. Mwanafunzi aliyelalamika kubakwa alipokuwa anakipeleka chuo mahakamani kwa namna kilivyolishughulikia shauri lake, chuo kililichukua faili lake la matibabu kutoka kituo cha unasihi cha chuo hichohicho, bila idhini yake, ili kijitetee nalo. Watumishi wa kituo walipiga kelele, habari ikaenea mwaka 2015, na kilichowashangaza watu ni kwamba sheria ya rekodi za elimu ilionekana kuacha upenyo. Mwaka 2016 Wizara ya Elimu ya Marekani iliviandikia vyuo kwamba mawakili wa chuo wasipewe rekodi za matibabu bila idhini ya mwanafunzi au amri ya mahakama, isipokuwa shauri lenyewe liwe linahusu matibabu hayo. Kwetu mnasihi mara nyingi huripoti kwa Mshauri wa Wanafunzi, ambaye ndiye pia hukaa kwenye kamati ya nidhamu. Hata kama hakuna anayelifungua faili kwa nia mbaya, mtu mmoja hawezi kusikia siri Jumatatu na kuhukumu Jumatano akidai ameisahau. Kiti cha kamati kipewe mwingine.

Mwanafunzi kiziwi ana mzigo wa ziada ambao sijaona chuo kikiuandika kwenye sera. Chukulia chuo chenye wakalimani wawili wa lugha ya alama. Walewale wanaomfasiria somo la uchumi asubuhi ndio watakaomfasiria kwa daktari mchana na kwa mnasihi jioni. Mkalimani anajua mimba yake, kipimo chake cha VVU, ugomvi wake na mchumba, na kesho anasimama mbele ya darasa lake lote. Mwenye kusikia hawezi hata kuwaza hali hiyo. Mkataba wa siri na mkalimani ni mwanzo, lakini bora zaidi ni mwanafunzi kuruhusiwa kumkataa mkalimani fulani kwa huduma fulani, bila kutoa sababu, na chuo kumtafuta mwingine wa nje, hata kwa simu ya video. Hali hiyohiyo humpata asiyeona anayesomewa barua zake na mwenzake wa kujitolea: jibu la ombi lake la msaada wa siri linasomwa kwa sauti na jirani wa chumba cha pili. Kumtumia barua hiyo katika muundo ambao programu ya kusoma skrini inaweza kuusoma ni jambo la dakika chache.

Limebaki la muda wa kutunza, ambalo ofisi zetu hulichukia kwa sababu karatasi kutupwa huonekana dhambi. Mwaka 2004, mhadhiri na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Greenwich, London, walitengeneza tovuti ndogo kwa ajili ya kongamano. Kongamano likaisha, tovuti haikufungwa. Miaka tisa baadaye ikavamiwa, na 2016 ikavamiwa tena; kupitia kwayo wavamizi walifikia taarifa za watu wapatao 19,500. Za watu wapatao 3,500 kati yao zilihusu mambo kama matatizo ya kujifunza, sababu maalumu za kuomba kufikiriwa, na rekodi za ugonjwa za wafanyakazi. Mei 2018 Kamishna wa Taarifa wa Uingereza alikitoza chuo faini ya pauni 120,000. Na faili la unasihi la yule mwanafunzi wa Virginia Tech, ambalo wachunguzi walilitafuta bila mafanikio, lilipatikana Julai 2009 nyumbani kwa mkurugenzi wa zamani wa kituo cha unasihi. Taarifa isiyo na tarehe ya kufutwa haikai mahali pake. Huhama na watu, huhama na kompyuta zinazouzwa kwa mnada.

Mwanafunzi anayesoma haya anaweza kuanza na ombi la kuona faili lake. Ni haki yake nchini Kenya na nchini Tanzania. Nchini Kenya, kanuni za 2021 zinampa mwenye kushika data siku 7 kulijibu ombi hilo. Aulize wanacho nini, nani amekiona, kitatunzwa hadi lini. Akikuta kosa, mathalani ugonjwa ambao daktari aliushuku kisha akauondoa, ana haki ya kutaka lirekebishwe. Taarifa zake zikivuja, chuo cha Kenya kina saa 72 tangu kilipogundua kumwarifu Kamishna pale panapokuwa na hatari ya kweli ya madhara, na malalamiko yanayofikishwa kwa Kamishna yanatakiwa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Tanzania malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kabla ya kufika huko, ombi la kwanza liandikwe kwa maandishi, lipokelewe masjala, na nakala yenye muhuri na tarehe ibaki mkononi mwa mwanafunzi, maana jambo la kwanza atakaloambiwa ni kwamba barua yake haikuonekana.